Siku mbili mtoni: mwongozo kamili wa kupiga kambi na kupiga kafi kwenye mto tulivu wa mashambani

Safari nyingi za mtoni huharibika kabla hema halijafunguliwa. Tarehe imechaguliwa kwa kufuata siku za mapumziko, hali ya hewa imetazamwa ya mahali pa kulala tu, na umbali wa kushuka na mtumbwi umepimwa kwa rula kwenye ramani. Wasafiri wanafika, jua linawaka, maji yanameremeta, hema linapigwa kwenye mchanga laini wa ukingoni. Saa nane za usiku maji yako mlangoni, na anga bado lina nyota.

Hakuna muujiza hapo. Mto hubeba mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu, pengine jana yake. Ndiyo maana hatua nyingi za mwongozo huu zinaanza na swali moja: huko juu kukoje?

Mwongozo ni wa kundi la watu 3 hadi 6, kwa siku mbili na usiku mmoja, kwenye mto wa mwendo wa pole unaopita mashambani au porini. Hauhusu maporomoko, na haumfai mtu aliye peke yake. Aliye peke yake majini hana wa kumtupia kamba.

## Vifaa

Kusanya vyote siku mbili kabla, uvitandaze sakafuni, kisha ndipo upakie. Kifaa kilichosahaulika mara nyingi ni kile kidogo: kiberiti, kifuniko cha ndoo, betri za tochi.

Vya majini

- Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, la ukubwa wake. La mtu mzima halimfai mtoto. Atateleza na kutoka kwa chini.
- Mtumbwi au kayaki, kafi moja kwa kila mpigaji, na kafi moja ya akiba kwa kila chombo.
- Kamba inayoelea, mita 15 hadi 20, iliyokunjwa ndani ya mfuko wake. Kamba ya kawaida ya katani huzama na kunasa kwenye visiki.
- Upo au kopo kubwa la kufulia maji yanayoingia chomboni.
- Kisu kifupi na filimbi, vyote viwe vimefungwa kwenye jaketi. Vikiwa ndani ya begi ni kama hukuvibeba.
- Mifuko isiyopitisha maji. Ukikosa, tumia mifuko miwili mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umesokotwa mdomo na kufungwa peke yake.

Vya kambi

- Hema, turubai la ziada la mita 3 kwa 4, na kamba nyembamba mita 20.
- Mkeka wa sponji na blanketi au mfuko wa kulalia. Ubaridi wa usiku hupenya zaidi kutoka ardhini kuliko hewani, kwa hiyo blanketi la pili litandike chini yako kabla ya kujifunika la tatu.
- Chandarua kilichotiwa dawa, dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, suruali ndefu na shati la mikono mirefu.
- Koleo dogo la kuchimbia choo.
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu. Tochi moja kwa kundi zima huishia kwa ugomvi.

Vya maji na chakula

- Maji safi lita 4 kwa kila mtu kwa siku ya kwanza. Usitegemee mto kabla hujauona.
- Ndoo mbili zenye vifuniko, ya maji mabichi na ya maji yaliyotibiwa, zenye rangi tofauti ili zisichanganywe gizani.
- Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, sufuria yenye kifuniko, jiko dogo la gesi na dawa ya klorini.
- Chakula kikavu cha milo yote, na cha mlo mmoja zaidi kwa ajili ya kuchelewa.

Vya dharura: sanduku la huduma ya kwanza, dawa ambazo kila mtu anatumia kila siku, ramani ya karatasi, simu iliyopakuliwa ramani inayofanya kazi bila intaneti, betri ya akiba, na nguo kavu seti moja kwa kila mtu. Seti hiyo haiguswi mpaka mtu alowe.

## Hatua ya 1: Chagua kipande cha mto, kisha tarehe

Anza na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Vyote viwili viwe na njia inayopitika hadi karibu na maji, na cha kutokea kiwe na alama unayoweza kuitambua ukiwa majini: daraja, mnara, mti mkubwa wa pekee. Nenda ukione kwa macho, au upate picha yake iliyopigwa kutoka mtoni. Ukingo hauonekani sawa ukiutazama kutoka barabarani.

Pima urefu kwa uzi. Ulaze juu ya ramani ukifuata kila kona, kisha uunyooshe kwenye kipimo cha ramani. Mto wenye kona nyingi unaweza kuwa mrefu mara mbili ya mstari ulionyooka, na rula haitakwambia hilo.

Wapigaji wapya huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa kwenye maji tulivu. Toa muda wa kupumzika, kula, kufua maji na kuhangaika na magogo. Zinabaki saa nne za kwenda kweli. Panga kilomita 12, au 15 kwa kundi lenye nguvu. Anayepanga 30 anapanga kulala njiani bila kujua.

Sasa tarehe. Angalia utabiri wa mvua wa bonde lote la mto, hasa vilima unakotoka, kwa siku tatu kabla ya safari na siku za safari zenyewe. Kukiwa na mvua kubwa huko, ahirisha. Uliza pia kama kuna bwawa upande wa juu. Bwawa likifunguliwa, maji hupanda bila tone la mvua popote, na mara nyingine bila onyo lolote.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: tunaingia hapa, tunatokea pale, ni kilomita hizi, na mvua ya mwisho huko juu ilinyesha siku fulani.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa na maswali matano

Ukingo wa mto huwa na mwenyewe: mkulima, kijiji, hifadhi, au mamlaka ya maji. Pata ruhusa ya kupita na ya kulala kabla ya siku ya safari, na kibali cha uvuvi ikiwa utabeba ndoano. Kufika usiku na kuanza kumtafuta mwenye shamba ni mwanzo mbaya.

Wavuvi na wafugaji wa pale wanaujua mto kuliko ramani. Usiwaulize "mto ni salama?" kwa kuwa kwao ni salama, wamekulia hapo. Uliza hivi:

1. Maji yalipopanda mara ya mwisho yalifika wapi?
2. Kuna miti iliyoanguka, kizingiti cha saruji au waya uliopita juu ya maji?
3. Kuna mamba au viboko, na wanapenda kukaa upande gani?
4. Watoto wa hapa wanaugua kichocho?
5. Mtandao wa simu unashika wapi?

Jibu la swali la tatu au la nne linaweza kubadilisha safari nzima. Mto wenye viboko haufai kwa mtumbwi mdogo wa wageni, hata ukiwa tulivu kiasi gani. Fanya safari ya miguu kwenye kingo za juu, pamoja na mtu wa pale, na mchana tu.

## Hatua ya 3: Acha taarifa nyumbani

Mwandikie mtu mmoja anayeaminika: majina ya kundi, mahali pa kuingilia na pa kutokea, namba ya gari, saa mtakayopiga simu, na saa ambayo akikosa simu aanze kutafuta msaada. Saa hiyo ya pili ndiyo watu husahau. Bila hiyo, ndugu wataendelea kusema "labda hakuna mtandao" hadi kesho yake.

Hifadhi namba za dharura za eneo. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, ila inahitaji mtandao wa kampuni yoyote uwepo. Simu iwe katika hali ya ndegeni muda wote. Kutafuta mtandao bondeni humaliza betri haraka.

## Hatua ya 4: Fika mchana, usome mto

Fika angalau saa nne kabla ya jua kuzama. Kabla ya kushusha mzigo, tembea ukingoni nusu saa. Unatafuta mambo matatu.

Alama ya mafuriko. Tazama matawi na vichaka: nyasi kavu, plastiki na vijiti vilivyonasa juu ya kichwa chako viliwekwa hapo na maji. Mstari wa tope kwenye mashina ni ushahidi huohuo. Huo ndio urefu ambao mto umeshafika, na utafika tena.

Kasi. Pima mita 10 ukingoni, tupa kijiti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Sekunde 10 ni mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kikipita chini ya sekunde 7, maji yana kasi kuliko mtu anayetembea mwendo wa kawaida. Msivuke kwa miguu, na wapigaji wapya wasiingie na mtumbwi.

Rangi na uchafu. Maji ya kahawia yenye povu, majani mabichi na matawi yanayoelea yanasema mvua imenyesha juu na bado inashuka.

Kisha chomeka kijiti pale pale maji yanapogusa nchi kavu, ukikate alama. Kiangalie kila saa. Maji yakipanda sentimita 5 ndani ya saa moja, au yakibadilika rangi ghafla, toeni vyombo na kusogea juu bila kujadiliana. Yakishuka ghafla pia usifurahi: huenda kuna kitu kimeyaziba huko juu, na kikiachia yatakuja kwa mkupuo.

## Hatua ya 5: Piga kambi juu, si karibu

Mahali pazuri pa picha na mahali pazuri pa kulala ni sehemu mbili tofauti. Weka hema juu ya alama ya mafuriko, angalau mita moja ya wima zaidi, na mita 60 au zaidi kutoka majini. Umbali huo unalinda maji yasichafuliwe nanyi, na unawaacha wanyama wafike kunywa.

Usilale:

- kwenye fungu la mchanga au kisiwa, kwa sababu maji yakipanda huzunguka nyuma yako kwanza;
- ndani ya korongo kavu, hata kama sakafu yake ni laini kama godoro;
- chini ya mti wenye matawi yaliyokauka;
- kwenye njia ya wanyama, ambayo utaitambua kwa nyasi zilizolala, kinyesi na ukingo uliochakaa.

Hakikisha kuna njia ya kupanda juu kwa miguu isiyovuka kijito chochote. Itembee mara moja mchana, kila mtu, akiwa na tochi mkononi ili mkono uizoee.

Faida nyingine ya kulala juu ni joto. Hewa baridi ni nzito na hutiririka hadi chini ya bonde usiku, ikileta ukungu na umande. Kupanda mita chache tu huleta tofauti inayosikika mwilini. Acha madirisha ya hema wazi kidogo. Hema lililofungwa kabisa hulowa ndani kwa pumzi zenu, na asubuhi watu hulilaumu kuwa linavuja.

Umefaulu ikiwa ukisimama mlangoni mwa hema unaona takataka za mafuriko ziko chini yako.

## Hatua ya 6: Tibu maji ya kunywa

Chota kwenye maji yanayotembea, upande wa juu wa kambi. Kwenye mto wenye mamba, chota mchana, kwa chombo chenye kamba ndefu, ukiwa mbali na ukingo, na usirudie mahali pamoja kila mara. Mamba hujifunza ratiba ya anayerudi.

Acha maji yatulie ndani ya ndoo hadi tope lishuke. Yakiwa mazito kama chai ya maziwa, shabu husaidia kuvuta tope chini. Mimina yaliyo juu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne. Usiruke kazi hii: tope huficha vijidudu na hula nguvu ya dawa.

Kisha chagua njia moja:

Kuchemsha. Yachemke kwa mabubujiko makubwa kwa dakika 1. Juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Hii ndiyo njia ya uhakika. Dakika ishirini hazifanyi maji yawe safi zaidi, zinamaliza gesi tu.

Klorini. Kwa klorini ya maji isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, weka matone 2 kwa lita ya maji maangavu, matone 4 yakiwa na ukungu. Koroga, subiri dakika 30. Yanapaswa kunukia klorini kwa mbali; yasiponukia, rudia kipimo na usubiri dakika 15 zaidi. Kwa vidonge fuata maandishi ya pakiti, kwa kuwa nguvu zake hutofautiana. Kuna vimelea vya kuhara, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviwezi. Ndiyo maana kuchemsha kunabaki mbele.

Jua. Chupa za plastiki zisizo na rangi, maji maangavu, saa 6 za jua kali au siku mbili za mawingu. Inafaa kama akiba ya siku ya pili, si kwa mwenye kiu sasa.

Hakuna kati ya njia hizi inayoondoa kemikali. Mto unaopita chini ya machimbo, kiwanda au mashamba yanayopuliziwa dawa usinywewe kabisa. Beba maji yote kutoka nyumbani.

Yatibiwe ya kutosha usiku mzima kabla ya magharibi.

## Hatua ya 7: Choo, sabuni na moto

Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, mita 60 kutoka majini, kambini na njiani. Funika kwa udongo uleule. Udongo wa juu una viumbe wanaoozesha uchafu haraka. Shimo refu zaidi ya hapo huuhifadhi badala ya kuuozesha. Karatasi na taulo za kike zirudi nyumbani ndani ya mfuko.

Sabuni isiingie mtoni, hata ile inayoitwa ya asili. Ogea na uoshe vyombo umbali uleule, umwage maji yakitawanyika nchi kavu. Moto, ukiruhusiwa, uwe mdogo na kwenye changarawe au udongo mtupu. Umezimika pale unapoweza kuingiza mkono kwenye majivu.

## Hatua ya 8: Ingia na mtumbwi

Hapa ndipo ajali hutokea, na nyingi hutokea kwenye maji yanayoonekana ya kitoto.

Jaketi kwanza. Livae, lifunge, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, kaza. Jaketi lililolazwa kwenye kiti halimsaidii mtu: ukipinduka litaelea kwenda zake. Kileo kisubiri hadi vyombo viwe nchi kavu kwa siku ile.

Pakia chini na katikati. Mzigo mzito ulale sakafuni, omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake) zikae sawa majini. Omo ikizama, chombo hakigeuki. Tezi ikizama, upepo hukizungusha.

Fanya mazoezi nusu saa kwenye maji yaliyosimama. Kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma, kugeuka pande zote mbili. Kisha kila mtu apinduke mara moja kwa makusudi na arudi ukingoni na kafi yake. Wengi huliruka zoezi hili kwa sababu hawataki kulowa asubuhi. Ila kupinduka kwa mara ya kwanza ni bora kutokee hapa kuliko kwenye kona.

Soma maji yaliyo mbele. Kwenye kona, upande wa nje una kina na kasi na ndiko miti huanguka; upande wa ndani una kina kifupi na mchanga. Kaa katikati ukielekea ndani. Maji yakichora umbo la V ambalo ncha yake inaelekea unakokwenda, hiyo ni njia kati ya mawe. Ncha ikikuelekea wewe, kuna jiwe au kisiki chini yake. Mnapoelekezana, "kushoto" na "kulia" ni kwa anayetazama mto unakoelekea, hata kama mmegeuka.

Mti ulioanguka ni hatari kuliko jiwe. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Mkondo humbana hapo na kumshikilia chini. Mkiuona, tokeni majini mapema na kubeba chombo kwa miguu. Ukishachukuliwa kuelekea mti na hakuna pa kukwepa, usiende kwa miguu: ogelea kwa kichwa mbele kwa nguvu zote na ujirushe juu ya shina.

Vizingiti vya saruji vinavyovuka mto viogopwe hivyohivyo. Kutoka juu huonekana kama mstari ulionyooka tu. Chini yake maji hujizungusha na kurudi nyuma, na humrudisha mtu kila anapojaribu kutoka. Tokeni mbali kabla yake.

Chombo kikigonga jiwe ubavuni, egemea upande wa jiwe. Mwili hukwambia uegemee mbali nalo. Ukifanya hivyo, ukingo wa upande wa juu huzama, maji yanaingia, na chombo kinakunjwa kwenye jiwe.

Ukipinduka, lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji. Baki upande wa juu wa chombo, usikubali kikae kati yako na jiwe. Usisimame mpaka maji yawe chini ya goti: mguu ukinasa kati ya mawe kwenye maji ya kasi, mkondo hukulaza kifudifudi na huwezi kuinuka.

Mtupa kamba asimame imara, apige kelele aonekane, atupe mfuko upite mbele ya anayeelea ili kamba imwangukie kifuani. Anayeokolewa aishike begani akiwa chali. Asiizungushe mkononi kamwe, wala mtu asifungwe kamba kiunoni.

Maji ya baridi, chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, yana sheria zake. Dakika ya kwanza pumzi hukatika na kuja kwa kasi. Usifanye lolote ila kuelea na kuitulizia. Baada ya hapo una takriban dakika 10 za mikono yenye nguvu. Zitumie kutoka.

Radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, tokeni majini mara moja, mkae mbali na miti mirefu ya pekee, na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Chombo cha mjuzi kiwe mbele, cha mjuzi wa pili nyuma kabisa, na kila kimoja kione kilicho nyuma yake. Milio mitatu ya filimbi ni wito wa msaada. Mfike pa kutokea saa mbili kabla ya jua kuzama. Kama nusu ya muda imekwisha na hamjafika nusu ya njia, tokeni penye barabara iliyo karibu.

## Hatua ya 9: Kuvuka kwa miguu, ikilazimu

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwanza tafuta daraja, hata likiwa kilomita tatu mbali.

Likikosekana, vukeni penye upana mkubwa. Mto hupungua kina unapotanuka. Angalia kilicho chini ya kivuko, umbali wa mita 100: kukiwa na mti, kona kali au maporomoko, hapo si kivuko. Viatu vibaki miguuni, mikanda ya begi ifunguliwe ili ulitupe ukianguka. Shika fimbo imara upande wa juu, tazama mkondo unakotoka, sogeza mguu mmoja kwa wakati. Maji yakizidi magoti na yana nguvu, rudi.

Sentimita 15 tu za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuelea gari dogo, na 60 huchukua magari mengi, yakiwemo marefu. Dereva asikadirie kina cha barabara iliyofunikwa na maji ya kahawia; huenda barabara yenyewe haipo.

## Hatua ya 10: Usiku

Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri. Kati ya magharibi na mapambazuko, hakuna kwenda mtoni kwa sababu yoyote, wala kusimama kati ya mnyama na maji. Chakula kiwe ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na hema mnamolala. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Weka zamu moja ya kuangalia kijiti cha maji kwa tochi kutoka juu, bila kushuka ukingoni, hasa mkisikia ngurumo za mbali. Ukisikia mto umebadilisha sauti, au mawe yakigongana chini ya maji, amsha wote. Chukueni watu, tochi na simu, mpande kwa njia mliyoitembea mchana. Hema libaki.

## Hatua ya 11: Kichocho, kusafisha na siku za baadaye

Katika maeneo ya joto yenye kichocho, vimelea hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na yenye majani, kisha hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Huwezi kuvitambua kwa macho, na kujipangusa taulo haraka hakukupi uhakika. Njia ni kutoingia. Maji ya kuogea yachemshwe, au yachotwe na kuachwa siku moja hadi mbili bila konokono ndani yake.

Nyumbani, ondoa tope na majani yote kwenye mtumbwi, kafi na viatu, osha, kisha kausha kabisa kabla ya kwenda mto mwingine. Vipande vidogo vya magugu na mayai ya viumbe husafiri hivyo, na mto mmoja huharibiwa na magugu ya mwingine. Hema lianikwe hata kama lilionekana kavu. Ukungu huanza kwenye mishono ndani ya siku chache.

Aliyegusa maji yenye kichocho apime wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa kuwa kupima mapema zaidi huweza kutoonyesha kitu. Aliyepata homa, hata wiki kadhaa baada ya safari, aende kupima siku hiyohiyo, na amwambie mhudumu jambo ambalo wengi hulisahau kutaja: kwamba alilala kando ya mto, mto gani, na lini.